Kabla hatujawapanga watunzi wetu, tuandikieni majina yao

Barua ya wazi

Kwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni na sanaa, kwa Mkurugenzi Mkuu wa TBC, Shirika la Utangazaji Tanzania, kwa Katibu Mtendaji wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, na kwa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Na kwa kuwa wengi wenu siku hizi ni wakazi wenzangu wa Dodoma, nawasalimu pia kwa Kigogo: mbukwenyi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, naishi Chang'ombe, hapa hapa mjini. Miaka yote niliyosimama darasani nilifundisha ushairi kwa nyimbo za redio. Mwanafunzi aliyekuwa akisinzia kwenye vina na mizani aliamka nilipomwimbia ubeti wa Marijani Rajabu. Kwa hiyo jambo ninalowaandikia nimelibeba muda mrefu. Kilichonifanya nilitue leo mbele yenu ni kipindi cha redio.

Redio moja iliwaomba wasikilizaji wapange watunzi-waimbaji kumi bora wa mwisho wa karne ya ishirini, kuanzia 1970 hadi 1999. Sharti lilikuwa moja: mtu awe ametunga mwenyewe na kuimba mwenyewe. Nilifurahi kweli. Orodha za namna hii tumezoea kuziona zikitoka Marekani na Uingereza, Bob Dylan juu, Joni Mitchell, Leonard Cohen, Stevie Wonder na Paul Simon karibu yake, na kutoka pande nyingine za dunia labda Bob Marley. Sina ugomvi na hao. Dylan alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2016 nilishangilia, kwa kuwa ndiyo hoja niliyokuwa nikiwaambia wanafunzi wangu tangu zamani, kwamba wimbo ni fasihi na mtunzi wake ni mshairi. Nilichokuwa nakitamani ni orodha iliyopangwa na sisi, ya watu wetu, kwa vipimo vyetu.

Basi jioni ile nikakaa barazani na mjukuu wangu, redio katikati yetu, daftari magotini. Tulipofika nafasi ya saba mtangazaji akasoma: Mlimani Park. Mlimani Park ni bendi. Nafasi ya tano akasoma Msondo, na hiyo nayo ni bendi. Nafasi ya nne akamtaja mwimbaji mmoja, akapiga "Neema" kuonyesha uhodari wake wa kutunga. Wimbo ule alitunga Cosmas Tobias Chidumule. Nikapiga simu ya kipindi, nikasubiri, nikapatikana hewani. Nikamwambia kijana kwa upole kwamba hapo pana kosa. Naye akanijibu kwa upole vilevile: "Mama, una ushahidi gani?"

Waheshimiwa, nilinyamaza. Kanda nilikuwa nayo mkononi, ile ya zamani yenye karatasi iliyofifia. Karatasi ina majina ya nyimbo na jina la bendi, basi. Ushahidi wangu ulikuwa masikio yangu, na kumbukumbu za watu waliokwenda dansini miaka ya themanini, ambao kila mwaka tunawazika wawili watatu. Nikakata simu. Mjukuu wangu akaniuliza, "Bibi, kwani umeshindwa?" Sikumjibu.

Yule kijana sina kinyongo naye. Aliuliza swali ambalo mtafiti yeyote angeuliza. Kinachonikera ni kwamba nchi iliyozaa nyimbo nyingi kiasi hiki inamwacha msikilizaji wake bila pa kushika, na kila tunapotaka kuwapanga watunzi wetu tunaishia kupanga bendi, au kupanga sauti, au kumpanga yule ambaye mtangazaji anamkumbuka.

Mjue jinsi nyimbo hizi zilivyozaliwa, maana wengine kati yenu bado ni vijana. Bendi nyingi zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika ikawa JUWATA, kisha OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya Shirika la Bima. Polisi walikuwa na bendi yao, Magereza nao, JKT nao. Vyombo ni vya mwajiri, na mwanamuziki analipwa mshahara kama karani. Mtu alikuja mazoezini na maneno yake na sauti yake. Mpiga solo akatafuta njia, rithimu ikamfuata, besi ikashika chini, wapuliza tarumbeta na saksafoni wakajibu. Kiongozi wa muziki, kama Michael Enoch pale Mlimani Park, akapanga nani aingie wapi na wimbo uchemke wapi. Ukitoka hapo, wimbo ni wa bendi. Mtunzi akihama, na walihama sana, wimbo unabaki nyuma na mwingine anauimba. Muhiddin Maalim Gurumo peke yake alipita NUTA na JUWATA, akaenda Mlimani Park ilipoanzishwa 1978, akaenda Orchestra Safari Sound, akarudi Msondo. Sasa mwambie mtoto wa leo akusanye tungo za Gurumo. Aanzie wapi?

Na studio ilikuwa moja ya kutegemewa, ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Kiwanda cha kutengeneza santuri hapa nchini hatukuwa nacho. Aliyetaka santuri alikwenda Nairobi, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mpaka nao ukafungwa. Nyimbo nyingi sana za miaka ile kwa hiyo zipo mahali pamoja tu duniani: kwenye mikanda ya RTD, ambayo leo iko mikononi mwa TBC. Na kabla bendi haijaingia studio, mashairi yalipelekwa kwanza redioni yakasomwe na kukubaliwa. Maana yake karatasi zilikuwepo. Mtu aliandika, mtu akasoma, mtu akapitisha. Ninachoomba si muujiza. Naomba zile karatasi na yale maandishi ya kwenye makasha ya mikanda yatoke kabatini.

Wanamuziki wenyewe walijua thamani ya kutajwa. Sikilizeni dansi lolote la wakati ule: katikati ya wimbo mwimbaji anamwita mpiga solo kwa jina, anamsifu wa tumba, anamsalimu shabiki wa Morogoro au wa Tabora. Walijiandikia kumbukumbu kwa midomo yao, humo humo ndani ya mkanda. Sisi tuliobaki ndio tuliozembea.

Sasa, kwa kuwa nimelalamikia orodha ya wengine, haki ni kwamba nitoe yangu. Nimeifikiria tangu jioni ile na sitarudi nyuma.

Wa kwanza kwangu ni Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Alizaliwa 1944, akafa Januari 1979 katika ajali ya gari huko Mombasa, ana miaka 34. Alitunga, aliimba, na gitaa la solo alilipiga mwenyewe, jambo ambalo wachache sana katika dansi letu waliliweza kwa kiwango kile. Akiwa na Morogoro Jazz alikwenda Japani kwenye maonyesho ya Osaka ya 1970, akarudi na wimbo wake. Mwaka 1973 akaunda Super Volcano. Lakini siyo safari wala mafanikio vinavyomweka juu. Ni lugha yake. Mbaraka alisema mambo makubwa kwa Kiswahili cha sokoni, bila kutafuta neno la kupamba. "Shida" ni mfano ninaoutumia daima: mtu hana ubishi wala hamtukani mwenzake, anaeleza tu hali yake, na wewe msikilizaji unajikuta umekaa kitako unaitafakari hali yako. Nimewafundisha wanafunzi washairi wakubwa wa pwani, nikawaheshimu wote, lakini kwa kumfikia mtu wa bara aliyejifunza Kiswahili ukubwani, akiwa analima mtama na uwele, Mbaraka hana mpinzani. Wazazi wangu walikuwa Wagogo watupu. Kiswahili cha mapenzi na cha majonzi kiliingia nyumbani kwetu kupitia redio, na kwa sehemu kubwa sauti ilikuwa yake.

Wa pili namweka Hukwe Zawose. Najua hapa wengi watashtuka, na kijiweni pale soko la Majengo nilipolisema hili mzee mmoja aliinuka akaondoka. Wanasema Zawose alikuwa wa ngoma za asili, na wa ngoma za asili hapangwi na watu wa gitaa. Kwa nini asipangwe? Alizaliwa mkoa huu wa Dodoma. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam ajiunge na kundi la ngoma la taifa, baadaye akawa mwalimu katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na Bagamoyo ndiko alikofia Desemba 2003. Alitunga, akaimba, akapiga zeze na ilimba, kile chombo cha vibao vya chuma kinachopigwa kwa vidole gumba, mwenyewe. Kama kipimo ni mtu mmoja kusimama na maneno yake, sauti yake na chombo chake, basi huyu anakitimiza kuliko wote niliowataja na nitakaowataja. Alichukua sauti za babu zetu, zile zinazoingiliana kama maji ya makorongo mawili, akatungia mambo mapya ya nchi mpya, kwa Kigogo na kwa Kiswahili. Albamu yake "Chibite" ilitoka Uingereza mwaka 1996 katika lebo ya Real World, ile ya Peter Gabriel. Mwingereza anayeshika diski hiyo anaona jina la Zawose juu ya jalada. Hapa Dodoma nimewauliza vijana wa vyuo vikuu jina hilo, wengi wao wananiangalia tu.

Nimesema babu zetu, na bibi je? Kwetu Ugogo ngoma ya muheme hupigwa na wanawake. Wao ndio wanaozibana ngoma magotini, wao ndio wanaoimba, na nyimbo zao mpya zinatungwa kila msimu na akina mama ambao majina yao hayamo katika daftari la ofisi yoyote. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa Hukwe, walitoa albamu "Maisha" kwa jina la The Zawose Queens, baada ya miaka mingi ya kuitikia nyuma ya wanaume. Nilipoisikia nililia. Niliwaza ni wangapi wa umri wangu walioitikia hadi wakafa. Orodha yoyote ya watunzi wa karne ile, yangu ikiwemo, imejaa wanaume kwa sababu mikanda iliwekwa mbele ya wanaume. Taarabu nayo ina mpango wake: mara nyingi mshairi ni mmoja na mwimbaji ni mwingine, kwa hiyo sharti la kutunga na kuimba linaweza kuwatupa nje watu kama Bi Shakila Saidi wa Pangani, ambaye sauti yake kila mtu mzima anaijua. Ndiyo maana naona sharti lile la redio, ingawa nimelifuata, si la kwetu moja kwa moja.

Nirudi kwenye orodha. Wa tatu ni Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, wa Safari Trippers na kisha Dar International. Marijani alikuwa msimuliaji. Anakupa mhusika mwenye jina, Georgina, Zuwena, Mwanameka, kisha anakupeleka hatua kwa hatua kama mtu anayekusomea barua ya siri, na huwezi kuzima redio kabla hujajua mwisho. Kwa ufundi wa kisa anampita Mbaraka. Ninamweka nyuma kwa sababu Mbaraka alibeba zaidi, tungo na solo pamoja, na kwa sababu ya Zawose nimeshaeleza.

Wa nne ni Remmy Ongala. Alizaliwa Kongo mwaka 1947, akaja Dar es Salaam 1978 kwa Orchestra Makassy, kisha akawa wa Super Matimila hadi sehemu ya Sinza ikaitwa kwa jina lake. Watu walimwita Dokta, na alikuwa akitibu kweli. Aliongea na kifo uso kwa uso kama mtu anayemuuliza jirani mkorofi. Wimbo wake kuhusu kinga ya UKIMWI, "Mambo kwa Soksi", redio ya taifa haikuupiga, na watu wakaujua wote hata hivyo. Nilikuwa mwalimu kijana wakati ule, tukiwazika walimu wenzetu bila kutaja ugonjwa kwa jina. Remmy aliutaja. Naomba TBC, kama mkanda wa wimbo ule mnao, mwaka huu mpigie nchi nzima, na mtaje jina la mtunzi.

Wa tano ni Patrick Balisidya, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, kwa kuwa ni mtoto wa nyumbani. Balisidya ni wa Mvumi. Aliunda Afro 70, na mwaka 1977 bendi hiyo ikatuwakilisha kwenye tamasha kubwa la FESTAC kule Lagos. Baadaye ikatoka albamu aliyoshirikiana na bendi ya Sweden, Archimedes Badkar. Alifariki Agosti 2004. Wimbo wake "Harusi" mnaujua nyote, hata mnaodhani hamuujui. Njooni Jumamosi yoyote kwenye kumbi za hapa mjini. Bibi harusi akiingia na wapambe wake, mshereheshaji anaupiga, kina mama wanasimama na vitambaa, vigelegele vinapanda hadi darini. Kwa miaka mingi nimefanya jambo moja kwenye harusi ninazoalikwa: namuuliza aliyekaa jirani yangu nani katunga wimbo huu. Nimejibiwa Mkongo. Nimejibiwa Mkenya. Siku moja nilijibiwa kwamba ni wimbo wa zamani tu, hauna mwenyewe. Na tulikuwa tumekaa mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka kijiji alikozaliwa mwenyewe.

Baada ya watano hao nimeshindwa kuendelea. Siyo kwamba watu wamekwisha. Gurumo yupo, Hemed Maneti wa Vijana Jazz yupo, Hassan Bitchuka, Shaaban Dede, TX Moshi William, Chidumule, wote hao wanastahili nafasi na pengine mmoja wao angempiku mmoja wa watano wangu. Lakini nikianza kuhesabu tungo za kila mmoja nakwama. Wimbo huu aliimba yeye, alitunga nani? Ule alitunga yeye, au aliukuta? Nikiwapanga kwa hali hii nitakuwa nafanya kile kile nilichomlaumu mtangazaji.

Mnafahamu habari ya "Malaika". Fadhili William wa Kenya aliurekodi, Miriam Makeba akaupeleka duniani, Boney M wakauimba mwaka 1981, na hadi leo wapo wanaoamini kwamba mwenye wimbo alikuwa Mtanzania Adam Salim. Fedha iliyopita juu ya wimbo ule miaka yote hiyo hakuna anayeweza kuirudisha ikagawiwe upya. Wimbo ule ulikosa karatasi moja ya mwanzo. Nyimbo zetu za dansi karatasi zake huenda bado zipo, panya na unyevu wa Dar es Salaam wakiwa wamezihurumia.

Nalisema hili kwa haraka ya mtu anayetazama kalenda. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999. Marijani alikufa Machi 1995, haikumkuta. Mbaraka haikumkuta kwa miaka 20. Sheria hiyo inalinda kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mbaraka amekufa 1979. Miaka 50 hiyo inatimia 2029. Baada ya hapo yeyote anaweza kuzitumia tungo zake bila kumlipa mtu wa ukoo wake hata shilingi. Kama kuna jambo la kufanya kwa ajili ya familia yake, lifanyike sasa, si kwenye hotuba ya kumbukizi. Ofisi ya Hakimiliki, haki ya wimbo inaweza kulipwa ikiwa tu inajulikana ni wa nani. Kwa hiyo ninyi mna sababu kubwa kuliko mimi ya kuyataka yale maandishi ya kwenye makasha.

Ninachoomba kwa TBC ni orodha ya mikanda yote ya muziki mliyoirithi kutoka RTD, wazi kwenye tovuti yenu: jina la wimbo, bendi, tarehe ya kurekodi, mwimbaji, wapigaji, na mtunzi. Mahali ambapo jina la mtunzi halipo, pabaki wazi, wananchi wajaze na wajibizane mpaka ukweli upatikane. Na watangazaji wenu, kila wanapopiga zilipendwa, wataje mtunzi kabla ya bendi. Hilo halihitaji bajeti; linaweza kuanza kesho asubuhi.

BASATA, ninyi mnasimamia tuzo za muziki. Nilifurahi ziliporudi mwaka 2022. Naomba mtunzi apewe heshima yake peke yake, mbali na mwimbaji na mbali na kura za simu, kwa sababu kura za simu humpa ushindi aliye hai na mwenye wafuasi wengi. Mtu aliyekufa 1979 hana wa kumpigia kampeni. Wapangeni wazee kwa jopo la watu wanaojua tungo, walimu wa fasihi wakiwemo, wapiga vyombo waliobaki wakiwemo, na jopo lieleze sababu zake hadharani ili sisi wengine tupate cha kubishania.

Nalo la wazee lisisubiri jopo. Wako wapiga rithimu na wapiga tumba wa bendi zile waliozeeka, wanauza maji mtaani au wamelala tu majumbani kwa wanao. Tumeni vijana wawili wenye kinasa sauti wakawaulize wimbo kwa wimbo: huu nani alikuja nao mazoezini? Mheshimiwa Waziri, mpiga besi mmoja niliyemfahamu hapa mjini alikuwa akinitajia haya bila kusita, wimbo, mwaka, mtunzi, hata shati alilovaa mtu siku ile. Sikuandika. Nilidhani nina muda. Tumemzika, na yale aliyonitajia nayakumbuka nusu nusu.

La mwisho ni la Dodoma yenyewe. Tangu Serikali ihamie kwetu tumeona barabara, majengo ya Mtumba, kituo cha mabasi, mambo mengi mazuri. Makao makuu hayana chumba hata kimoja ambacho mtoto anaweza kuingia, akavaa visikilizi, akamsikiliza Balisidya au Zawose na kusoma jina lake. Chamwino wananchi wanafanya tamasha la muziki wa Kigogo, watu wanatoka vijijini na zeze zao mgongoni, na wageni wanatoka nje ya nchi. Chuo Kikuu cha Dodoma kiko kilimani hapo na wanafunzi wa fasihi na sanaa wanatafuta mada za tasnifu. Wapeni nakala za mikanda, wapeni chumba. Kikiwa Mvumi nitafurahi zaidi, lakini hata kikiwa hapa mjini karibu na uwanja wa Nyerere Square nitakuwa mgeni wa kwanza, na nitakuja na mjukuu wangu.

Daftari la jioni ile bado ninalo. Nimelichora safu nne: wimbo, bendi, mwimbaji, mtunzi. Safu tatu za kwanza zimejaa kurasa kadhaa. Ya nne ina mapengo mengi. Nipangieni siku yoyote ya kazi, niruhusuni nikae saa chache na mtu wenu wa maktaba ya mikanda, awe Dar es Salaam au Mtumba. Nauli najilipia. Nitakuja na kalamu ya risasi na kifutio, kwa sababu hata katika yale niliyokwisha kuyaandika najua mikanda itanisahihisha.

Mwalimu mstaafu,
Chang'ombe, Dodoma.